Makala Iliyonukuliwa Kuliko Zote

Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa nafungua simu na kutazama namba za mdogo wangu. Nilifanya hivyo barazani, mbele ya watu, wala si chumbani kwangu. Wakati ule sikujiuliza kwa nini.

Mdogo wangu ni mtafiti wa dawa. Hatibu wagonjwa. Anachunguza dawa inafanya nini ikishaingia mwilini, na anawafundisha vijana chuoni. Anaishi mbali, upande wa Kimara. Mimi nimebaki Kariakoo na mama, katika nyumba ya wazee wetu, nyumba ya chini yenye ua, iliyozungukwa sasa na maghorofa pande tatu. Natengeneza cherehani. Shule niliishia darasa la saba, na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwenye vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine, kamusi pembeni. Kwa miaka mingi maneno niliyoyajua vizuri katika lugha hiyo yalikuwa ya sindano, uzi na mafuta.

Alipopandishwa cheo mara ya kwanza nilimuuliza mtu kama yeye anapimwa kwa kitu gani. Mwalimu wa watoto anapimwa kwa mitihani yao, fundi kwa mashine kutorudishwa. Akanijibu kwamba wanahesabu makala alizoandika kwenye majarida ya kitaalamu, na mara ambazo watafiti wengine wamezinukuu makala hizo katika kazi zao. Akanionyesha kwenye simu ukurasa wenye jina lake, makala zikiwa zimepangwa, na pembeni ya kila moja namba.

Utaratibu ule ulinivutia sana. Mtu wa nchi ya mbali, asiyekujua wala asiyekudai, anaandika kazi yake, na akifika mahali fulani analazimika kusema: hili sikuligundua mimi, aliligundua fulani. Katika kazi zetu za sokoni sijaona adabu kama hiyo. Fundi wa mtaa wa pili alijifunza kwangu kufunga upya roda, lile gurudumu la mkanda, ya mashine nzito za viatu, na leo ukimuuliza atakuambia alizaliwa anajua.

Nikawa nafuatilia namba hizo kama wenzangu wanavyofuatilia mpira. Pale barazani, kwa muuza kahawa, wakanipa cheo.

"Profesa wa cherehani, matokeo vipi?"

"Zimepanda."

"Nyumbani au ugenini?"

"Ugenini. Kuna Brazili na kuna India."

"Na kila akitajwa analipwa?"

"Halipwi."

"Basi ni kama mwenyekiti wetu wa mtaa. Tunamtaja kutwa kucha, hata soda haoni."

Tulicheka, na mimi nilicheka zaidi, kwa sababu utani ule ulikuwa unamtaja mdogo wangu tena. Makala zake nyingi zilikuwa na namba ndogo. Moja tu ilikuwa imeziacha nyingine mbali, na kila Ijumaa nilianza na hiyo. Kichwa chake nilikuwa nimekitafsiri: ilihusu unga wa maumivu ya viungo unaouzwa majumbani na sokoni katika jiji letu. Nilitosheka na kichwa na namba. Nilimpa habari hiyo kila aliyekaa kunisikiliza, na wengine waliokuwa wamesimama tu wakisubiri chenji.

Sasa lazima nieleze habari za mama.

Mama anatengeneza unga wa viungo. Aliupokea kwa bibi, na bibi kwa mama yake. Wanaokuja kuuchukua ni watu wazima wa mitaa yetu, wa Mchafukoge na mpaka kule Mchikichini, hasa kina mama waliosimama sokoni maisha yao yote mpaka magoti yakakataa. Alhamisi ndiyo siku ya kutwanga. Tangu baba alipofariki, kinu ni changu. Natwanga mizizi na magome, nachekecha, narudia makapi, mpaka unga unakuwa laini wa kahawia. Kisha mama anakuja na kopo lake na kusema, "Geukeni."

Hapo kila aliye uani anageuka. Mimi nageukia ukuta wa jikoni. Mpangaji wetu akiwa anafua, anaacha kufua na kugeuka. Mama anatia kitu cha mwisho, ambacho nyumbani tunakiita mkono, anachanganya, anafunika. Dawa ikionwa inapotiwa mkono inapoa, haifanyi kazi tena. Ndivyo tulivyolelewa. Nilipokuwa mdogo niliogopa hata kutupa jicho pembeni. Mkono anaonyeshwa mwanamke mmoja tu wa kila kizazi, na kwa kizazi chetu alikuwa mdogo wangu. Mama alimwonyesha alipomaliza masomo yake makubwa, kama zawadi, na ninakumbuka mimi nilikuwa nimegeukia ukuta wangu siku hiyo vilevile, nikisikia kopo likifunguliwa.

Dawa ilikuwa inafanya kazi. Hilo sikuwahi kulitilia shaka, maana niliona kwa macho. Mama mmoja wa Kihindi anayekaa ghorofani nyuma yetu, mjane wa muuza vitambaa, alikuwa ameshindwa kushuka ngazi. Alianza unga wa mama, na kabla ya mwezi kuisha akawa anashuka mwenyewe kwenda hekaluni. Akanenepa. Uso ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo. Sisi kwa mtu aliyekuwa mgonjwa tunasema kanawiri, dawa imemkubali. Nilimwambia hivyo mara nyingi kwenye ngazi, nikipanda na mashine yake begani.

"Mama, umependeza. Umerudi usichana."

"Acha maneno yako, fundi. Tengeneza mashine, usitengeneze mimi."

Lakini alikuwa anafurahi.

Kuna wakati mama aliacha kutengeneza kwa majuma kadhaa. Alisema amechoka. Yule mama wa ghorofani akaishiwa unga, na asubuhi moja akaanguka jikoni kwake, akiwa analegea na kutapika, hawezi kusimama. Mwanawe akaja mbio kwetu. Mama akamtengenezea unga siku hiyohiyo, na jioni alikuwa ameketi. Habari ilizunguka mtaa: akiikosa tu anaanguka, sasa mnataka ushahidi gani? Mama akarudi kwenye kinu chake, na wateja wakaongezeka. Mimi nilikuwa mmoja wa walioieneza habari ile.

Aliyenivuruga alikuwa mzee mmoja wa barazani, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa maneno machache. Ijumaa moja nilikuwa nimemaliza kutangaza matokeo yangu, akaweka kikombe chini na kuniuliza, "Hiyo inayoongoza, inasema nini?"

"Ni ya unga wa viungo."

"Hilo umetuambia siku zote. Nauliza inasema nini."

Nilisema ni ya kitaalamu sana, kwa Kiingereza kigumu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua tena kahawa yake. Hakukusudia kuniumbua, nadhani, na kwa hiyo nikaumbuka zaidi. Mtu anayejisifu kwamba anajifundisha mwenyewe alikuwa amebeba kitabu kichwani kwa miaka bila kukifungua.

Nikaanza kuisoma. Niliichapisha kwa jamaa wa stesheneri na kuisoma kibandani, wateja wakipungua, kama nilivyosoma vijitabu vya mashine: sentensi moja, maneno nisiyoyajua pembeni, kisha sentensi nzima kwa Kiswahili changu. Ilinichukua muda mrefu, na mwanzoni nilikuwa na raha. Nilimwona mdogo wangu alivyo mwangalifu. Alinunua unga sehemu mbalimbali, akaupima maabara, na katika baadhi yake akakuta dawa ya hospitali iliyosagwa na kuchanganywa, ya jamii ya steroidi, ile inayotuliza uvimbe haraka na ambayo daktari hakupi bila kukuangalia. Nikasema moyoni, watu wa soko hawana haya.

Kisha nikafika kwenye ukurasa unaoeleza kwa nini wanaotumia hawashuku. Aliandika kwamba dawa hiyo hujaza uso na mwili, na jamii huona kujaa huko ni kupona. Aliandika kwamba mwili ukiizoea huacha kutengeneza ya kwake, na mtumiaji akikatishwa ghafla huweza kuanguka, hata kufa, nalo huchukuliwa kuwa uthibitisho wa nguvu ya dawa. Nilikuwa nimemwona mama wa ghorofani katika kila mstari, lakini bado nilijitetea kwamba watu wa namna hiyo ni wengi. Sentensi iliyofuata nilihitaji maneno mawili tu ya kamusi. Ilisema kwamba katika nyumba moja kiungo cha mwisho hutiwa na mtengenezaji mwenyewe, na wote waliopo, hata anayetwanga, hugeuka wasione.

Anayetwanga. Nilikaa na karatasi ile mkononi mpaka mteja akagonga meza. Miaka yote niliyokuwa natangaza namba, nilikuwa natangaza idadi ya watafiti waliosoma habari za uani kwetu. Nilikuwamo humo, nimegeukia ukuta. Brazili na India walikuwa wameshanijua kabla sijajijua mwenyewe.

Ningependa kuandika kwamba siku hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Sikwenda. Ilifika Alhamisi, nikashika mchi. Nilitwanga, nikachekecha, nikarudia makapi. Mama akaja na kopo.

"Geuka, mwanangu."

Nikageuka. Ninaujua ukuta ule wa jikoni kuliko ninavyoujua uso wa mtu yeyote: mahali rangi ilipobanduka, msumari wa kutundikia kawa, alama ya moshi. Nilisikia kopo linafunguliwa, kijiko kinagonga ukingo, kopo linafungwa. Nilikuwa najua kilichomo, na bado nikageuka.

Mdogo wangu alikuja Jumapili kama kawaida. Nilimngojea nje, kabla hajaingia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimeisoma ile makala yako."

Akanitazama. Alikuwa na mfuko wa machungwa mkononi. "Yote?"

"Mpaka chini. Umewashukuru watengenezaji waliokubali kukuonyesha kazi yao. Mama alikubali?"

Akasogea kupisha mkokoteni. "Alimwonyesha mwanawe," akasema. "Hakumwonyesha mtafiti."

Aliniambia yote pale pale, mgongo ukiwa mlangoni. Siku aliyoonyeshwa mkono alikuta unga mweupe. Akauliza ni nini. Mama akamwambia mzizi wa asili haupatikani tena, misitu imeisha, na muuza mizizi wake wa sokoni amempatia badala yake, mzizi mwingine uliosagwa kwa mashine. Mama aliamini hivyo. Mdogo wangu alichota kidogo kwenye kitambaa, akaenda kupima. Alipopata jibu alirudi akamwambia mama aache kutia ule unga, kwamba si mzuri, lakini hakusema ni nini. Aliona haya kumwambia mama yake kwamba amekuwa akiwapa watu sumu kwa mkono aliorithi. Mama akaacha kutengeneza.

"Ndiyo yale majuma," nikasema.

"Majuma gani?"

Nikagundua hakuwa anajua; siku zake za kuja ni Jumapili, na mama hakuwa amemwambia. Hakujua mama wa ghorofani alianguka wala mama alianza tena. Nikamweleza. Akaweka machungwa chini.

"Lakini hilo la kuanguka umeliandika," nikamwambia. "Liko humo."

"Nililitoa kwenye vitabu, kaka. Kwa wagonjwa wa nchi nyingine." Kisha akasema polepole, "Mimi ndiye niliyemwambia aache ghafla. Na sikurudi kuuliza. Nilikuwa naandika."

Yeye ana cheo chake kwa sababu ya makala ile. Aliniambia mwenyewe kwamba kamati ilipokaa, hiyo ndiyo waliyoizungumza. Sikuwa na la kumlaumu ambalo lisingenirudia. Yeye alitazama akanyamaza, mimi niliyeombwa kila Alhamisi nisitazame nilitii na kupiga kelele barazani.

Tuliingia. Mama alikuwa mkekani anachambua mchele. Mdogo wangu ndiye aliyesema, na alisema vizuri, bila maneno makubwa: kilichomo kwenye kopo ni dawa ya hospitali, muuza mizizi amemdanganya, na watu wamezoea. Mama aliendelea kuchambua muda wote. Alipomaliza kusikiliza akauliza jambo ambalo hatukulitarajia.

"Na hii uliyoandika, imesomwa na nani?"

"Watafiti, mama. Wa nchi nyingi."

"Wanajua ni mimi?"

"Hapana. Jina lako halimo."

"Jina lililomo ni la nani?"

"Langu, mama."

"Aha," akasema mama. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa pembeni. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye ulikuwa unaisifia nje. Watu wamekuwa wakinipa hongera sokoni, nami naitikia ahsante, ahsante." Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliamka, akaleta kopo, akaliweka katikati yetu likiwa limefunguliwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona mkono. Ulikuwa unga mweupe tu, kama wanga.

"Utamwaga?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Bado. Hakuna atakayekatishwa safari hii. Kila mtu aende hospitali, daktari ajue alikuwa anatumia nini, apunguziwe kidogo kidogo."

Kwa hiyo ilibidi waambiwe mmoja mmoja. Mama alisema atakwenda yeye, lakini magoti yake mwenyewe hayakumruhusu kufika mbali. Mdogo wangu alichukua wale wa Mchikichini. Mimi nikapewa wa karibu, na wa kwanza alikuwa ghorofani.

Nilipanda zile ngazi bila mashine begani, na alipofungua mlango alitazama mikono yangu mitupu.

"Fundi, leo umekuja bure? Kaa, chai ipo."

Nilikaa. Nilimwambia kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nimejiandaa: nini kilichomo, kwa nini asiache ghafla, hospitali gani ya karibu ina daktari wa kumwangalia, kwamba mdogo wangu atakwenda naye. Alinisikiliza, chai ikipoa. Nilipofika kwenye uso kujaa, mkono wake ukapanda wenyewe ukashika shavu.

"Haya pia ni dawa?"

"Ndiyo, mama. Ni dawa."

"Wewe ulikuwa unaniambia nimependeza."

"Nilikuambia."

"Kila ukipanda hapa." Akalishika na la pili, kama mtu anayepima maembe. "Mwanangu alitaka tupige picha ya familia, nikasema ngoja, nikaenda saluni kwanza. Picha hiyo ipo pale nyuma yako."

Sikugeuka kuitazama. Nilijua nilipaswa kugeuka, na sikuweza. Akanimiminia chai nyingine juu ya ile iliyopoa, akasema atakwenda hospitali Jumatatu, na kwamba niwaambie wengine upesi, hasa mama muuza ndizi, maana yule hasikii habari mpaka aambiwe mara mbili.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda barazani kwa sababu kutokwenda kungekuwa jibu baya zaidi. Habari zilikuwa zimeanza kutembea, lakini vipande vipande. Hakuna aliyeniita profesa. Nilikaa karibu na karani mstaafu, nikaagiza kahawa.

"Uliniuliza ile makala inasema nini," nikamwambia. "Nimeisoma."

"Ehe."

Nikamweleza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwa Kiswahili, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa nimeitafsiri sentensi kwa sentensi, hivyo sikubabaika. Nilisema pia kwamba moja ya nyumba zilizomo ni yetu. Mtu mmoja aliyekuwa amesimama akauliza, "Na mke wangu je?" Nikamwambia na yeye, asiache leo, aende kwanza hospitali. Akaondoka bila kumaliza kahawa.

Karani alimaliza kahawa yake. Kisha akauliza, bila ukali, kama anavyouliza vitu vyote, "Aliyekuwa anatwanga si wewe?"

"Ni mimi."

"Na siku zote hizo hukuona?"

"Nilikuwa nimegeuka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nataka kashata.

Mama wa ghorofani amekonda sasa, uso wake umerudi ule wa zamani, na ngazi anashuka kwa kushikwa mkono. Watu wanaponiuliza mtaani kama anaumwa, nawajibu kwamba anapona, na nawaeleza kwa nini. Kinu kipo uani, kimefunikwa. Mdogo wangu ameandika makala nyingine, na safari hii alikaa na mama mkekani akamsomea kwa Kiswahili kabla ya kuituma. Mama alikataa jambo moja, likafutwa. Makala hiyo bado haijanukuliwa na mtu. Ile ya kwanza inaendelea kupanda. Ijumaa natazama bado, lakini chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na namba ikiongezeka naona haya kana kwamba mtu amechungulia uani na kunikuta pale ukutani.